Mtoto kazaliwa Tanzania au Kenya, mzazi mmoja ni raia wa Marekani: mwongozo kamili wa kupata karatasi zake bila kurudishwa

Meseji zinazokuja zinafanana sana. Wazazi wameenda ubalozi wa Marekani, Msasani (Dar) au Gigiri (Nairobi), wamebeba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, pasipoti ya baba ya Marekani, cheti cha ndoa, picha, hela wameshalipa, af wanarudi nyumbani wakiwa wameambiwa walete ushahidi zaidi. Wanauliza ushahidi gani tena wakati kila kitu kilikuwepo?

Kinachokosekana karibu kila mara ni kimoja, nacho ni miaka ya mzazi. Watu wanabeba karatasi za mtoto, wakati ubalozi unataka kujua huyo mzazi Mmarekani aliishi Marekani lini, wapi na kwa muda gani kabla mtoto hajazaliwa. Pasipoti ya Marekani haijibu hilo swali. Mtu anaweza kuwa raia halali kabisa na bado asiweze kumrithisha mwanae uraia kwa sababu miaka yake haitoshi, au inatosha ila hana cha kuionyesha.

Karatasi tunayoitafuta hapa watu wanaiita CRBA, ni cheti cha ubalozi kinachosema mtoto huyu amezaliwa nje na ni raia wa Marekani kupitia mzazi. Inaombwa kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Na ubalozi haumgawii mtoto uraia, anao tangu siku aliyozaliwa au hana, kazi yako wewe ni kuthibitisha tu.

Nimeandika nikiwafikiria wazazi wa Tanzania na Kenya ila walioko Kampala, Bujumbura, Kigali, Lubumbashi au Muscat utaratibu ni ule ule, kinachobadilika ni ofisi ya usajili wa vizazi ya nchi uliyopo.

Vitu vya kukusanya kabla ya kugusa fomu

Vya mtoto: cheti cha kuzaliwa halisi, ile karatasi ya hospitali aliyozaliwa, kadi ya kliniki ya mama wakati wa ujauzito, picha za mama akiwa mjamzito na za mtoto akikua.

Vya wazazi: pasipoti za wote wawili, za sasa na za zamani zote hata zilizokatwa kona. Uthibitisho wa uraia wa yule Mmarekani (pasipoti, cheti cha kuzaliwa cha Marekani au cheti cha kuapishwa uraia). Cheti cha ndoa kama mmeoana. Hukumu za talaka au vyeti vya kifo kwa ndoa zote zilizopita, za baba na za mama.

Vya miaka: hili ndilo furushi kubwa, nalieleza hatua ya 3.

Hela: CRBA ni dola 100, pasipoti ya mtoto wa chini ya miaka 16 ni dola 135. Hizi bei zinabadilika, angalia tovuti ya ubalozi kabla hujalipa. Dola 100 ukishalipa hairudi hata mkikataliwa, ndo maana hatua ya 1 usiiruke.

Hatua ya 1: Pima kwanza kama mzazi ana sifa

Kaa na mwenzako, angalieni mko kundi gani.

Wote wawili ni raia wa Marekani na mmeoana. Nyie mna kazi nyepesi, mmoja wenu awe amewahi kuishi Marekani kabla mtoto hajazaliwa. Hakuna idadi ya miaka.

Mmoja raia, mwingine siyo, mmeoana. Hapa ndo wengi wapo. Yule raia awe amekaa ndani ya Marekani jumla ya miaka 5 kabla mtoto hajazaliwa, na katika hiyo 5 angalau miaka 2 iwe baada ya yeye kutimiza miaka 14. Si lazima iwe mfululizo, unajumlisha vipande vipande.

Mama ni raia, hamjaoana. Kama mtoto amezaliwa tarehe 12 Juni 2017 au baada ya hapo, ni ile ile 5 na 2. Kama alizaliwa kabla ya hiyo tarehe, mama anahitaji mwaka 1 tu lakini uwe mfululizo kwelikweli, yani katikati asiwe ametoka nje ya Marekani hata kwa safari fupi. Tarehe hiyo inatokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyoondoa tofauti ya mama na baba, kwa hiyo kama binti yako alizaliwa Mei 2017 na mdogo wake 2019, kila mmoja anapimwa na kipimo chake.

Baba ni raia, hamjaoana. 5 na 2 iko palepale, halafu yanaongezeka mengine: ushahidi mzito kwamba mtoto ni damu yake, baba awe alikuwa raia siku mtoto anazaliwa, aandike na kusaini kwamba atamtunza mtoto kwa fedha mpaka afike miaka 18, na kabla ya hiyo 18 mtoto awe amehalalishwa kisheria, au baba amekiri kwa kiapo cha maandishi kwamba ni wake, au mahakama imeamua hivyo. Ile ahadi na kile kiapo vyote vinaingia kwenye fomu moja inaitwa DS-5507. Nasisitiza kwa akina baba: bila hiyo ahadi ya maandishi hata DNA ikisema ni wako asilimia mia, mtoto hapati.

Sasa mitego inayowaangusha watu kwenye hatua hii:

Mzazi awe alikuwa raia siku mtoto anazaliwa. Kama baba ameapishwa Mei na mtoto alizaliwa Machi ya mwaka huo huo, CRBA haipo, hata kama baba alikuwa na grinikadi miaka kumi. Kuna njia nyingine, nimeiweka chini.

Miaka ya baada ya mtoto kuzaliwa haihesabiki kabisa. Usisubiri "ijae".

Ila miaka ya kabla ya kuwa raia INAHESABIKA. Hii wengi hawaijui na wanajikatia tamaa bure. Ulikuwa na viza ya mwanafunzi, inahesabika. Grinikadi, inahesabika. Hata kipindi ulichokaa viza ikiwa imeisha, mwili wako ulikuwa Marekani, inahesabika.

Likizo za kurudi nyumbani zinatolewa. Ile Desemba na Januari yote uliyokaa Moshi au Kisumu haimo.

Kwa walioko jeshini au waliofanya kazi ya serikali ya Marekani nje ya nchi, huo muda wa nje unaweza kuhesabiwa kama wa ndani. Leteni karatasi za utumishi.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kusema kwa sentensi moja uko kundi gani na unatakiwa kuonyesha miaka mingapi. Kama huwezi, usilipe.

Hatua ya 2: Chora kalenda ya mzazi

Usikisie. Chukua karatasi au fungua eksel, safu tatu tu: tarehe ya kuingia Marekani, tarehe ya kutoka, na jumla ya siku. Kila safari mstari wake. Anza na siku ya kuzaliwa kama alizaliwa kule, malizia siku moja kabla ya mtoto kuzaliwa.

Tuchukue mfano wa dada ambaye wazazi wake Watanzania walikuwa wanasoma Marekani, yeye akazaliwa huko Machi 1998, wakarudi Dar Juni 2004. Hapo ana miaka 6 na miezi 3. Inazidi 5, lakini yote ni kabla ya miaka 14, kwa hiyo peke yake haimsaidii. Akarudi kusoma chuo Agosti 2016 mpaka Mei 2020, ukiangalia haraka ni karibu miaka 3 na miezi 9. Ila kila likizo ndefu alikuwa anarudi Dar, mara tatu, kila moja miezi miwili na nusu, na Krismasi moja wiki tatu. Ukitoa zinabaki kama miaka 3. Jumla yake imepita 9, na baada ya miaka 14 ana 3. Huyu anafaulu, mtoto wake aliyezaliwa Dar 2023 ni raia.

Mdogo wake wa kiume alizaliwa kule kule mwaka 2000, akarudi Dar siku moja na familia Juni 2004, hakwenda tena zaidi ya kutembea. Ana pasipoti ya Marekani sawa na dada yake, anaruhusiwa kwenda kuishi huko kesho asubuhi, ila ana miaka 4 tu na baada ya miaka 14 hana kitu. Mtoto wake akizaliwa Dar na mama asiye raia wa Marekani hapati. Inauma lakini ni bora ajue leo kuliko akalipe dola 100 na kukaa miezi anasubiri.

Kama kwenye kalenda yako umezidi kwa wiki mbili tatu tu, jua afisa ataikagua siku kwa siku. Tafuta tarehe halisi kwenye mihuri, usiandike "mwanzoni mwa Juni". Na usiongeze siku ambazo hukuwepo. Kusema uongo kwenye hizo fomu ni kosa la jinai, na rekodi za mipakani wanazo.

Umefaulu kama kalenda haina mashimo na safari zote zimo, hata zile za wikiendi Kanada au Meksiko.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi wa kila kipande cha kalenda

Hapa ndo pa kutumia nguvu zako zote. Anza miezi kadhaa kabla, maana barua za Marekani zinachelewa.

Kanuni ninayowapa watu ni hii, kila mwaka kwenye kalenda uwe na angalau karatasi mbili kutoka sehemu mbili tofauti. Shule na hospitali, au kazi na nyumba. Karatasi moja inaweza kutiliwa shaka, mbili zisizojuana zikisema jambo moja ni ngumu kukataa.

Zilizo nzito kuliko zote ni rekodi za shule. Transkripti rasmi ya chuo inaonyesha muhula kwa muhula, na mtu hawezi kuwa darasani Ohio huku yuko Tabata. Kwa waliosoma primari au sekondari kule, andika barua pepe ofisi ya rekodi ya wilaya ya shule, taja jina ulilotumia wakati ule, tarehe ya kuzaliwa, miaka uliyosoma. Nyingi zinatunza rekodi miaka mingi sana. Kwa wale walioondoka wadogo, kadi za chanjo na rekodi za daktari wa watoto zinafanya kazi ile ile.

Zinazofuata ni za kazi. Fomu za W-2 za kila mwaka (zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi), barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kuanza na kuacha na mahali ulipofanyia kazi, na taarifa ya mapato yako ya miaka yote kutoka Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) ambayo unaipakua kwa kufungua akaunti kwenye tovuti yao. Angalizo: ritani za kodi peke yake hazitoshi. Raia wa Marekani anatakiwa kujaza kodi hata akiwa Arusha, kwa hiyo ritani inaonyesha ulijaza, haionyeshi ulikuwa wapi.

Halafu mihuri. Piga kopi kurasa zote zenye muhuri za pasipoti zote, pamoja na pasipoti yako ya Tanzania au Kenya ya zamani. Watu wanaisahau hii, muhuri wa kutoka JNIA au JKIA na muhuri wa kurudi unaonyesha vizuri kabisa muda ambao HUKUWEPO nyumbani. Kama uliingia Marekani kabla ya kuwa raia, tovuti ya I-94 (rekodi za kuingia na kutoka Marekani) inaonyesha safari zako za miaka 10 ya nyuma bure. Kwa zaidi ya hapo unaomba rekodi zako serikalini kwa utaratibu wa FOIA (sheria ya Marekani ya kupata taarifa za serikali), kwa wale wa mipakani wanaoitwa CBP.

Walioapishwa uraia wana hazina moja, kopi ya fomu ya N-400 waliyojaza kuomba uraia. Mle ndani uliorodhesha safari zako za nje, sehemu ulizoishi na kazi ulizofanya kwa ile miaka 5 au 3 ya nyuma. Kama hukubaki na kopi, faili lako la uhamiaji unaweza kuliomba USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) kwa FOIA. Na hakikisha kalenda yako inakubaliana na ulichosema mle, kwa sababu wanaweza kulinganisha.

Zinazosaidia lakini hazisimami peke yake: mikataba ya kupanga nyumba, bili za umeme, steitimenti za benki zinazoonyesha umenunua vitu madukani kule, leseni ya udereva. Leseni ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, inakaa miaka mingi mfukoni hata ukiwa Mwanza. Barua ya shangazi kwamba "niliishi naye" ni nyongeza tu. Na kile cheti cha kuapishwa uraia kinathibitisha uraia, miaka 5 hakiihesabu.

Panga kwa miaka, siyo kwa aina. 2013 mbele, 2014 inafuata, mpaka mwisho, na juu kabisa weka kalenda yako. Afisa akisoma mstari wa kalenda akifunua anakuta karatasi ya mwaka ule ule. Faili la hivi linapita haraka na hata mahojiano yanakuwa mafupi.

Hatua ya 4: Cheti cha mtoto kiwe safi

Tanzania Bara hospitali inakupa tangazo la kizazi, unalipeleka kwa msajili, cheti kinatoka RITA. Sheria inataka kizazi kitolewe taarifa ndani ya siku 90. Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kenya hospitali inatoa taarifa ya kuzaliwa na cheti unakiomba Civil Registration, siku hizi kupitia eCitizen.

Fanya mapema. Cheti kilichotolewa mtoto ana miaka 6 kinaleta maswali ambayo cheti cha wiki ya sita hakileti. Kama umeshachelewa usiogope, leta na karatasi ya hospitali, kadi ya kliniki, rekodi za chanjo, hata kadi ya ubatizo.

Angalia majina herufi kwa herufi. Baba kwenye pasipoti ni Mohamed, kwenye cheti wameandika Mohammed. Mama kwenye pasipoti ana majina matatu, kwenye cheti mawili. Rekebisha RITA kabla ya kwenda ubalozini. Na jina la baba liwe limo kwenye cheti, hasa kama baba ndo Mmarekani.

Karatasi yoyote iliyoandikwa Kiswahili peke yake ipeleke ikatafsiriwe Kiingereza na mtu anayesaini tafsiri yake.

Hatua ya 5: Ndoa na uhusiano

Ndoa ya kanisani, msikitini, bomani, ya mila, zote zinatambuliwa hapa nyumbani, ila ubalozini unahitaji cheti cha serikali kuithibitisha. Kwa hiyo kama ulifungishwa nikaha na mna karatasi ya msikiti tu, nenda kaulize usajili. Hii siyo urasimu mtupu, ukikosa cheti unaweza kuhama kundi kule hatua ya 1, na baba aliyedhani kaoa akajikuta kwenye masharti ya baba asiyeoa.

Talaka za zamani zinasahaulika kuliko kitu chochote. Baba alioa Texas 2009 akaachana 2014, akaoa Dodoma 2015. Bila hukumu ya ile ya Texas, ndoa ya Dodoma haijathibitika. Barua pepe kwa karani wa mahakama ya kaunti inatosha kuanzia.

Halafu kuna swali la mimba. Afisa anaweza kuhesabu miezi kutoka siku ya kuzaliwa kurudi nyuma na kuangalia kama wazazi walikuwa sehemu moja. Kama baba alikuwa Minnesota na mama Tanga, muhuri wa safari yake kipindi kile ndo ushahidi wenu. Weka mihuri hiyo mbele, na kadi ya kliniki yenye tarehe, picha, meseji za kipindi kile. Si jambo la kuona aibu.

Hatua ya 6: Jaza maombi

Balozi nyingi sasa hivi zinapokea maombi onlaini kupitia akaunti ya MyTravelGov. Akaunti aifungue yule mzazi Mmarekani. Unajaza taarifa, unapakia skani za karatasi, unalipa kwa kadi, ndipo unapangiwa au unapanga miadi kwa maelekezo ya ubalozi wako. Pale ambapo onlaini haipo unatumia fomu ya DS-2029.

Kuna sehemu ya fomu inataka vipindi vya kuwepo Marekani, tarehe kwa tarehe. Nakili kutoka kwenye kalenda yako. Ukiandika "1998 mpaka 2020" kwa mstari mmoja wakati mihuri inaonyesha safari kumi, umejiharibia mwenyewe.

Pasipoti ya mtoto iombe hapo hapo, fomu ni DS-11, itakuokolea safari ya pili. USIISAINI nyumbani. Inasainiwa mbele ya afisa baada ya kiapo, ukisaini kabla unaijaza upya. DS-2029 ni hivyo hivyo.

Picha ni sentimita 5 kwa 5, nyuma kweupe. Kwa kichanga tandika shuka jeupe kitandani karibu na dirisha, mlaze chali, piga kutoka juu, kivuli chako kisimfunike usoni na mkono wako usionekane. Mpeleke studio akishaweza kukaa, kabla ya hapo anachoka na kulia bure.

Hatua ya 7: Siku ya mahojiano

Mtoto lazima aende, hata wa wiki tatu. Kwa pasipoti ya chini ya miaka 16 wazazi wote wawili wanatakiwa kuwepo. Mmoja akishindwa anasaini ridhaa kwenye fomu DS-3053 mbele ya nota (mthibitishaji rasmi wa saini), na kopi ya kitambulisho alichoonyesha iambatane. Na kama asiyekuja ni yule Mmarekani, anatakiwa pia kujaza DS-5507 na kuisaini kwa kiapo huko aliko.

Beba karatasi halisi zote hata kama ulipakia skani. Kopi seti moja. Simu na mabegi makubwa usitegemee kuingia navyo, maziwa na nepi za mtoto ndo vya muhimu.

Maswali ni ya kawaida, mlikutana wapi, mlianza kuishi pamoja lini, ulisoma wapi, ulitoka lini Marekani. Jibu unachojua. Tarehe ukiisahau sema ipo kwenye kalenda, uifungue, hakuna anayetegemea ukariri miaka ishirini kichwani.

Umefaulu kama afisa anakuapisha, unasaini mbele yake, na anakuambia subiri pasipoti na cheti. Hongera. Cheti chenyewe kinaitwa FS-240, kinaletwa baada ya wiki kadhaa. Kikifika kagua jina, tarehe na majina ya wazazi hapo hapo.

Wakikuambia ulete zaidi

Hii siyo kukataliwa. Omba waandike ni nini hasa kimekosekana na mpaka lini. Kama ni miaka, wajibu kwa ule mwaka walioutilia shaka, usiwarundikie makaratasi ya miaka waliyoshaikubali.

Wakipendekeza DNA, usikimbilie maabara ya mtaani. Hayo majibu hawayapokei. Unachagua maabara ya Marekani iliyothibitishwa na AABB (shirika linalokagua maabara za aina hiyo), unalipa wewe, sampuli inachukuliwa kwa utaratibu wa ubalozi na majibu yanaenda kwao moja kwa moja. Wanataka uhakika wa asilimia 99.5 au zaidi. Lakini kumbuka DNA inajibu swali la damu tu, miaka 5 inabaki vile vile.

Kama mzazi hana sifa, njia zipo

Mzazi aliyeapishwa baada ya mtoto kuzaliwa, au yule mdogo wa kiume wa hatua ya 2 mwenye miaka 4 tu ya Marekani, bado wana pa kushika.

Kama familia inahamia Marekani, raia anamwombea mtoto viza ya uhamiaji kwa fomu I-130. Mtoto akiingia na hiyo viza akiwa chini ya miaka 18 na akaishi kule na huyo mzazi wake raia anayemlea kisheria, anakuwa raia moja kwa moja, ni sheria iliyoanza kutumika 27 Februari 2001.

Kama mnabaki huku, angalieni fomu ya N-600K, ya kumwombea uraia mtoto anayeishi nje ya Marekani. Hapa miaka 5 na 2 ya mzazi hailazimiki iwe kabla ya mtoto kuzaliwa, na zaidi ya hapo, mzazi akikosa, inaweza kutumika miaka ya babu au bibi, yani mzazi wa huyo raia, mradi naye ni raia wa Marekani. Mtoto anasafiri Marekani kwa viza ya muda, anafanyiwa mahojiano kule. Kila kitu, mpaka kiapo, kiishe kabla hajatimiza 18, kwa hiyo mtoto wa miaka 16 mnakimbizana na kalenda, tafuteni wakili wa uhamiaji sasa hivi.

Usiombe viza ya kutembea kwa mtoto ambaye ni raia ili kukwepa haya yote. Raia anatakiwa kuingia Marekani kwa pasipoti ya Marekani, na ubalozi ukigundua unasimamisha viza.

Uraia wa nyumbani unakuwaje

Kenya hakuna shida, katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha na aliye raia kwa kuzaliwa hapotezi. Mtoto anabeba zote mbili.

Tanzania ni tofauti na wazazi msijidanganye. Mtoto anaweza kuwa na zote mpaka afike miaka 18, kuanzia hapo sheria ya uraia inamtaka aukane ule wa nje, la sivyo wa Tanzania unapotea. Hiyo inagusa ardhi na mambo ya urithi, mzungumze naye akiwa na miaka 15, 16, ajue anachochagua.

Kama umeshapita miaka 18

CRBA imepita ila uraia kama ulikuwa nao haujapita. Unaomba pasipoti kwa DS-11 au cheti cha uraia kwa N-600, na ushahidi ni ule ule wa mzazi wako, kalenda ile ile. Kinachopima ni sheria iliyokuwepo siku uliyozaliwa wewe, kwa mfano kama wazazi walikuwa wameoana na mmoja ndo raia, na ulizaliwa kati ya 24 Desemba 1952 na 13 Novemba 1986, mzazi alitakiwa awe na miaka 10, na 5 kati ya hiyo baada ya yeye kutimiza 14. Kama mzazi wako bado yupo, kaa naye wiki hii muandike pamoja shule, mitaa na waajiri wake wa kule, majina kamili, halafu muanze kuandikia hizo ofisi.